Zawadi ya Tina

Dukani kwa Abdulswamad kulikuwa na kila kitu cha kumpa mtoto unayemfahamu. Saida hakumfahamu Tina, na ndiyo maana alikuwa amesimama mbele ya kabati la vioo mpaka mwenye duka akaacha kukunja mashuka na kumfuata.

"Ni wa umri gani, dada?"

"Anakaribia miaka kumi na minne."

"Mtoto wa ndugu?"

Saida alifikiri kidogo. "Mtoto wa mtu ninayemfahamu."

Abdulswamad alimtazama usoni, kisha akayarudisha macho yake kwenye kabati kama mtu mwenye adabu. Watu wengi wa Bagamoyo walikuwa wamepita dukani kwake kutafuta zawadi, na wachache kati yao walikuja na uso kama ule.

"Anapenda nini?"

"Sijui."

"Rangi gani?"

"Hata rangi sijui."

"Basi mchukulie saa. Kwa saa huwezi kukosea."

Saida aliishika saa, akaigeuza upande wa nyuma, akairudisha. Rozari aliziona, zimening'inia kwenye msumari, lakini mkono wake haukwenda huko. Yeye ni Muislamu wa Mlingotini, na rozari kutoka kwake ingeonekana kujipendekeza, au mbaya zaidi, dhihaka. Gauni lingekuwa kama anamvisha mtoto wa mwenzake. Pesa ndani ya bahasha ingekuwa kama analipa kiingilio cha kuingia katika nyumba ya kina Tina.

Na kwa kweli alikuwa anataka kuingia katika ile nyumba. Hilo hakulificha.

Martini, baba yake Tina, alikuja kwanza Mlingotini kutengeneza pampu ya kisima cha kikundi chao, kikundi cha akina mama wanaolima mwani na kuupika kuwa sabuni. Alikuwa mrefu, mpole, mzito wa kusema. Pampu ilipona siku ile ile, lakini fundi aliendelea kuja kuikagua, mpaka siku moja Sophia, mwenzake Saida kwenye kikundi, alimwambia mbele ya wote kwamba pampu inasema haijambo, sasa amuulize Saida hali yake. Wakacheka. Martini hakucheka. Alimtazama Saida akauliza, "Hujambo?" na Saida akashindwa kujibu neno dogo kama lile.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Tina, mtoto pekee wa Martini, alikuwa apate sakramenti ya Kipaimara kwao Msata. Martini alikuwa amemweleza Saida kwamba hiyo ni siku ambayo mtoto aliyebatizwa akiwa mchanga anasimama mwenyewe mbele ya askofu na kuikiri imani yake kwa kinywa chake, na kuanzia hapo anahesabiwa mkubwa. Ndugu za Martini wangetoka Songea. Saida angekaa nao, na wote wangemuona.

Tina mwenyewe walikuwa wameonana mara moja tu. Alitoka ndani na sinia la juisi, akasema, "Shikamoo, anti," akamtazama Saida kuanzia kwenye ndara mpaka kwenye mtandio, akaliweka sinia mezani na kurudi ndani. Hakutoka tena mpaka mgeni alipoaga. Katika mtazamo ule hapakuwa na chuki wala karibu. Saida alikuwa ameutafsiri kwa namna nyingi, na kila namna ilimnyima usingizi.

Alitoka dukani mikono mitupu.

Martini alikuwa anamsubiri kwenye mgahawa jirani na stendi. Alisimama alipomwona, akamvutia kiti. Alikuwa amenyoa ndevu kwa haraka na kujikata chini ya kidevu, na Saida alitamani kuligusa lile jeraha dogo kwa kidole. Akakaa, akaiweka mikono yake mapajani.

"Usihangaike tena na zawadi," Martini alisema. "Nimeshaipata."

Aliweka mezani kisanduku kidogo cha kitambaa cheusi na kukifungua. Ndani kulikuwa na hereni mbili za dhahabu, zenye umbo la jani.

"Nzuri," Saida alisema. "Umenunua wapi?"

"Sikununua. Zilikuwa za Kostansia."

Kostansia alikuwa mkewe, marehemu sasa mwaka wa nne. Saida, ambaye alikuwa ameshanyoosha kidole kuigusa hereni moja, alikirudisha.

"Tina anazitaka tangu mama yake alipofariki," Martini aliendelea. "Nilimwambia atazivaa akikua. Sasa amekua. Nataka umpe wewe."

"Mimi?"

"Baada ya keki, MC anapoita watu watoe zawadi. Utampa, atafungua, na kila mtu ataona. Dada zangu wataona, Genoveva ataona." Genoveva alikuwa mdogo wake marehemu, ndiye aliyemlea Tina tangu msiba. "Wote watajua kwamba hukuja kumfuta Kostansia."

"Watajua kwamba vitu vya Kostansia viko mikononi mwangu."

"Si hivyo, Saida."

"Zilikuwa zinakaa wapi?"

"Kabatini kwangu."

"Basi zitoke kabatini kwako ziende kwake. Zisipitie kwangu."

Martini alikifunga kisanduku polepole. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alipokasirika alizidi kuwa mtaratibu, na Saida alikuwa ameshajifunza kuuogopa utaratibu huo.

"Ninakutengenezea njia," alisema. "Yule mtoto hasemi. Ukikaa naye utasubiri mpaka uzeeke. Nimetafuta kitu kimoja ambacho najua atakipenda, nakupa wewe umpe, unakataa. Umekaa dukani asubuhi nzima. Umetoka na nini?"

"Sikutoka na kitu."

"Unaona sasa."

"Lakini ningempa hizo angenishukuru kwa kitu kisicho changu. Na siku akijua, na atajua, hataniamini tena. Wewe pia hatakuamini."

Mhudumu aliwaletea chai, akaondoka.

"Wakati mwingine nafikiri unatafuta sababu," Martini alisema.

"Sababu ya nini?"

"Ya kutokuja. Mama yako anasemaje?"

"Mama yangu hayupo kwenye meza hii."

"Yupo siku zote, Saida."

Alisema bila ubaya, na ndiyo maana neno lile lilimchoma. Saida aliinuka, akajitanda vizuri, akasema atampigia. Martini alimsindikiza kwa macho mpaka barabarani. Saida alijua bila kugeuka kwamba anatazamwa. Hakurudi.

Nyumbani Mlingotini, mama yake, Bi Mwanajuma, alikuwa anapepeta mchele uani. Aliitikia salamu ya binti yake bila kuuacha ungo.

"Umepata ulichokifuata?"

"Sijapata, mama."

"Ni afadhali." Alipuliza makapi pembeni. "Saida, mimi sina ugomvi na yule bwana. Adabu anayo, na salamu zake zimetimia. Lakini leo unaitwa ukakae kanisani mbele ya watu wao. Kesho utaitwa wapi?"

"Nimeitwa kwenye sherehe ya mtoto. Na tumeshasema, tukifika huko, ndoa itakuwa bomani. Kila mtu na dini yake."

"Ninyi mmesema. Mtoto je?"

"Mtoto amefanyaje?"

"Amesema nini? Umemuuliza kama anakutaka?" Bi Mwanajuma aliutikisa ungo, mchele ukaruka na kutulia. "Mimi nililetewa mama wa kambo ndani ya nyumba. Nilikuwa na umri wa huyo mtoto. Siku ile aliyoingia niliambiwa nivae nguo nzuri, nikavaa. Hakuna aliyeniuliza. Sasa na wewe nenda ukawe kama yeye."

Alikusudia kumzuia. Lakini Saida alibaki amesimama pale, mkoba begani, akilirudia neno moja tu katika yote yale. Umemuuliza.

Asubuhi ya siku iliyofuata alipanda gari la Msata. Alipita Fukayosi, akapita Kiwangwa ambako wauza mananasi waliyakimbilia madirisha ya gari, na muda wote huo alijaribu kupanga maneno ya kusema. Hakuna lililokaa.

Genoveva alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyotulia, na aproni ya mapishi kiunoni, kwa kuwa alikuwa akipikia madereva wa malori pale njia panda.

"Karibu, dada. Lakini shemeji hayupo, amekwenda Mandera kwenye kisima."

"Najua. Nimekuja kumuona Tina."

Genoveva alimpima kwa jicho. "Yuko uani," alisema, akampisha. Hakumfuata.

Tina alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapukuchua mahindi kwenye beseni. Alikuwa na shingo ndefu ya baba yake na namna yake ya kuinua kichwa taratibu.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, Tina. Hujambo?"

"Sijambo. Baba hayupo."

"Nimeambiwa. Nimekuja kwako."

Saida alivua viatu, akakaa pembeni ya mkeka, akachukua hindi moja na kuanza kupukuchua. Kwa muda ilisikika sauti ya punje tu zikianguka ndani ya beseni.

"Nilikwenda dukani kukutafutia zawadi ya Kipaimara," Saida alisema. "Nikashindwa. Nimeona nije nikuulize mwenyewe unataka nini."

"Watu hawaulizi zawadi."

"Wanaokufahamu hawaulizi. Mimi sikufahamu."

Tina alimtazama kwa mara ya kwanza moja kwa moja. Labda alikuwa anasubiri tabasamu, kama lile ambalo watu wazima huwapa watoto wanaotaka kuwapata. Saida hakutabasamu. Hakuwa na tabasamu la kutoa siku hiyo.

"Chochote?" Tina aliuliza.

"Nikikiweza."

"Hutakasirika?"

"Sijui. Nitajitahidi."

"Na hutamwambia baba?"

"Kama halina hatari kwako, sitamwambia."

Mtoto aliliweka gunzi chini, akachukua hindi jingine, akalishika bila kulipukuchua.

"Nataka usije," alisema.

Saida aliendelea na kazi ya mikono yake. Alijua kwamba akisimamisha mikono, uso wake ndio ungeanza kufanya kazi.

"Siku hiyo?"

"Siku hiyo tu. Si kwamba nakuchukia. Nilipopata Komunyo ya Kwanza, mama alikuwa amelazwa. Baba alikuwa naye huko hospitali. Nilikwenda na mama mdogo. Wenzangu wote walikuwa na wazazi wao. Sikulalamika, kwa sababu mama alikuwa anaumwa. Lakini safari hii baba yupo. Nataka akae mbele aniangalie mimi."

"Nikija si ataendelea kukuangalia?"

"Atakuangalia wewe. Ataangalia kama umekaa vizuri. Kama mashangazi wanakusemesha, kama umeletewa chakula. Namjua baba."

Saida naye alimjua. Mtoto alikuwa hajakosea hata neno moja. Lile jicho la Martini, linalotembea chumbani kumtafuta na kuhakikisha hajapungukiwa, ndilo lililomfanya ampende. Hakuwahi kufikiri kwamba jicho ni moja, na kwamba likiwa kwake haliko kwingine.

"Nikimwambia baba mwenyewe," Tina alisema, "atasikitika, halafu ataniambia nikuombe msamaha. Na utakuja tu."

"Ni kweli."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia siji."

"Atakuuliza kwa nini."

"Ataniuliza."

Tina alimtazama tena, kwa muda mrefu zaidi. Kisha akaanza kulipukuchua lile hindi. Walifanya kazi mpaka beseni likajaa, na hawakusema tena kitu cha maana. Saida alipoaga, Genoveva alimkuta mlangoni.

"Mmeelewana?"

"Tumeelewana."

Genoveva alitazama mikono ya mgeni wake, iliyojaa vumbi la mahindi, akampisha apite.

Jioni Saida alimpigia Martini. Alikuwa ameamua kusema haraka, kabla sauti yake haijamsaliti.

"Martini, kwenye sherehe siji."

"Kwa sababu ya hereni?"

"Hapana."

"Mama yako?"

"Hapana."

"Basi nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Ndugu zangu wanasafiri kutoka Songea. Nimewaambia kuna mtu nataka wamuone. Nitawaambia nini?"

"Waambie nimepata dharura."

"Umepata?"

Angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, na lingewaokoa wote wawili. "Hapana," alisema.

Alimsikia akivuta pumzi. "Sawa, Saida. Nimekuelewa," Martini alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa kitu na ameumia. "Hereni nitampa mwenyewe."

"Mpe."

Simu ikakatika. Saida alikaa nayo mkononi. Alitaka kupiga tena. Kila mara alipolitafuta jina lake alimwona yule mtoto ameshika hindi bila kulipukuchua, akaiweka simu chini.

Siku ya Kipaimara aliimalizia bandani kwa kikundi, akikata sabuni. Habari kwamba amekataa kwenda zilikuwa zimeshaenea, na majirani walikuwa wanampongeza Bi Mwanajuma kwa kumrudisha binti yake kwenye mstari. Bi Mwanajuma alikuja bandani na chupa ya chai, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Umekataa kwa ajili yangu?"

"Hapana, mama."

"Nilijua." Alimimina chai. "Wananipa sifa barabara nzima na sijui nimefanya nini. Umemuuliza yule mtoto?"

"Nimemuuliza."

Bi Mwanajuma alimpa kikombe, akamwangalia anavyokishika kwa mikono miwili kama mgonjwa. Kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze hakusema neno baya juu ya Martini. Alisema tu, "Kunywa, itapoa," akakaa naye mpaka kazi ilipokwisha.

Kesho yake Genoveva alipiga simu.

"Wageni wameondoka," alisema. "Mawifi zako, kama wangekuwa mawifi zako. Wamesema hakuna haja ya kukuona tena, wameshakuona."

"Na Tina?"

"Tina alikuwa na furaha. Sijamwona hivyo muda mrefu. Dada, siku ile uani mlizungumza nini?"

"Mambo ya zawadi tu."

"Lakini hukuleta zawadi."

"Sikuleta," Saida alisema.

Martini hakupiga. Siku zilipita na hakupiga, na Saida alianza kuzoea namna mtu anavyolizoea jino lililong'oka, kwa kurudi kila mara kuligusa pengo. Sophia alimshauri amtafute, amweleze. Saida alisema hana la kueleza. Alikonda kidogo. Alifanya kazi za watu wawili, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Gari la Martini lilisimama nje ya banda saa za alasiri, akina mama wakiwa wanafungasha mzigo wa sokoni. Alishuka yeye, kisha upande wa pili akashuka Tina. Bi Mwanajuma alikuwa kivulini, anashona ukili wa mkeka. Mtoto alimwendea kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bi Mwanajuma alimtazama, ukili mkononi. "Marahaba, mwanangu. Mmekula njiani?"

"Hatujala."

"Hawajala," Bi Mwanajuma alimwambia Martini, kama aliyekuwa anamshitaki, akainuka kwenda jikoni.

Martini alikuja mpaka mlangoni pa banda. Sophia na wenzake ghafla walikumbuka kazi iliyo upande wa kisimani.

"Ameniambia jana," alisema. "Tulikuwa tunakula. Akaweka kijiko chini akaniambia yote."

Saida hakujua aiweke wapi mikono yake. Akaifuta kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Halikuwa langu. Lilikuwa lake."

"Nimekusema vibaya kwa ndugu zangu, Saida. Nilisema una kiburi."

"Nilidhani umesema."

"Nimewapigia asubuhi."

"Wakasemaje?"

"Dada mkubwa alinyamaza. Kwa dada, huo ni msamaha mkubwa."

Saida alicheka kidogo, na kicheko kikamletea machozi aliyokuwa ameyazuia siku zote hizo. Martini alipiga hatua, akanyoosha mkono, kisha akamkumbuka binti yake na kuurudisha. Walibaki wamesimama hivyo, na nafasi ya mtu mmoja kati yao, wakitazamana kama watu waliorudishiwa kitu walichokwisha kukizika.

Tina alikuwa amewafikia. Alisimama kwenye ile nafasi.

"Baba alikaa mbele," alimwambia Saida. "Alilia mpaka askofu akamwangalia."

"Sikulia," Martini alisema.

"Ulilia. Mama mdogo alikupa leso." Alimgeukia tena Saida, na uso wake ukawa wa kazi. "Jumamosi ni kumbukumbu ya mama. Huwa tunakwenda kusafisha kaburi, mimi na baba na mama mdogo. Watu wengine huwa hatuwaiti. Ukitaka, wewe unaweza kuja."

Martini aliinamisha kichwa. Ilionekana wazi kwamba hili hakuambiwa kabla.

Saida aliyafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Nitakuja," alisema. "Nije na nini?"

Tina alifikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa swali la maana.

"Fyekeo," alisema. "La kwetu limevunjika mpini."